Kutoka Vilima vya Muyama Hadi Unguja: Familia ya Askari na Maisha Nafuu ya Kisiwani

Askari hachagui kituo, hupangiwa. Tangu Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, vijana wa bara wamekuwa wakipelekwa kutumikia visiwani na wa visiwani wakipelekwa bara. Karatasi ya uhamisho hutaja jina moja tu, lakini wanaohama ni wengi: mke au mume, watoto wa shule, mara nyingi na shemeji mdogo anayelelewa humo, pamoja na masufuria, magodoro na cherehani. Familia ya mwanajeshi wa Marekani inayopelekwa Hawaii hupangiwa askari mwenyeji wa kuipokea, na hulipwa posho ya kufidia ukali wa bei za kisiwani. Tanzania, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na jirani. Kwa hiyo familia inayotaka kuishi Unguja au Pemba kwa raha na kwa mshahara ule ule wa askari ina mambo mawili ya kujifunza mapema: watu wa mtaani pake, na bahari.

Tuchukue familia inayotoka Muyama. Muyama iko katika vilima vya Buha mkoani Kigoma, karibu na Burundi, katika eneo lililohesabiwa kuwa Kasulu kabla ya Wilaya ya Buhigwe kuundwa mwaka 2012. Huko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai ni za sweta. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na sehemu kubwa ya chakula hutoka shambani kwa mwenyewe: maharage, muhogo, mahindi na ndizi, vikipikwa kwa mawese. Jeshi si jambo geni kwa watu wa mkoa huu. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, lina kambi Bulombora karibu na Ziwa Tanganyika, Kanembwa upande wa Kakonko, iliyokuwa sehemu ya Kibondo, na Mtabila wilayani Kasulu, mahali ambapo hadi mwisho wa mwaka 2012 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi. Safari ya kwenda pwani nayo ni ya zamani. Wakati wa ukoloni Waha, watu wa Buha, kwa maelfu walichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga. Wazazi wa vilimani wamezoea kumwona kijana akiondoka. Kumwona akivuka bahari pamoja na wajukuu ni jambo jingine, na wasiwasi wao ni wa haki.

Maandalizi ya maana huanzia hospitali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliwakuta na vimelea vya malaria karibu robo ya watoto wadogo waliopimwa mkoani Kigoma, wakati Zanzibar kiwango hicho kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 1. Mtu aliyekulia Kasulu au Kibondo anaweza kubeba vimelea bila kuhisi homa yoyote, akavuka navyo, na mbu wa Unguja wakamaliza kazi. Kila mtu wa nyumba apimwe na atibiwe kabla ya kufunga mizigo. Na ikitokea mmoja akaugua baada ya kufika, wahudumu wa afya wa Zanzibar wana desturi ya kumfuata mgonjwa hadi nyumbani na kuwapima waliomo. Hawaji kumshuku mtu. Ndivyo visiwa vilivyofanikiwa kuipunguza malaria, na mgeni kutoka Kigoma anafaa kuwafungulia mlango kwa moyo mweupe.

Baada ya afya huja karatasi. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vitambulisho vya Taifa, barua za uhamisho wa shule na cheti cha ndoa vinapaswa kukaa katika mfuko mmoja unaobebwa mkononi, visichanganywe na mizigo. Cheti cha ndoa ndicho kinachosahaulika zaidi. Ndoa nyingi za vijijini zilifungwa mbele ya wazee, mahari ikatolewa, watu wakala na kunywa, na hakuna aliyeandika chochote. Muyama kila mtu anajua nani ni mke wa nani. Kwenye dirisha la ofisi iliyo upande wa pili wa bahari hajui mtu, na mashahidi wako mbali mno kuitwa. Ni bora ndoa hiyo isajiliwe wilayani kabla ya safari.

Kuhusu vyombo, hesabu iliyo sahihi ni ya uzito. Kitanda cha mninga ni fahari ya nyumba, lakini gharama ya kukifikisha Unguja, pamoja na wachukuzi wa stesheni na wa bandari mbili, inaweza kumla mwenyewe. Samani kubwa ziachwe kwa ndugu au ziuzwe. Ziende nguo za kulalia, vyombo vya kupikia, redio, cherehani. Vitu vya chuma visivyopakwa rangi havidumu, kwa maana hewa ya chumvi hula bati, jiko na baiskeli kwa kasi ambayo mtu wa vilimani hajawahi kuiona. Linalostahili nafasi ni debe la maharage, kwa sababu msimu wa mavuno bei ya Kasulu haiwezi kulinganishwa na ya mjini Unguja. Wenye akili huongeza chupa mbili za mawese na tangawizi kavu. Mche wa mgomba usipakiwe kabisa. Mnyauko wa migomba umeharibu mashamba mengi ya Kigoma, na chipukizi moja linaloonekana zima linaweza kupeleka ugonjwa huo kwenye migomba ya mwenyeji.

Safari yenyewe ina sehemu mbili. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na hadi leo treni yake, katika njia ya kilomita zipatazo 1,250 hadi Dar es Salaam, inawafaa wenye watoto na mizigo. Basi huwahi zaidi, lakini mtoto wa miaka mitatu hana pa kunyoosha miguu. Kutoka bandari ya Dar es Salaam, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Joseph, boti za mwendo kasi hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, na meli za polepole hubeba mizigo kwa nauli ndogo. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama Spice Islander, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit, watu wengi wakafa. Familia isikubali kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama tikiti imeshalipwa. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja huchafuka, na wengi wa bara hutapika kabla ya nusu ya safari. Hapo ndipo tangawizi ya vilimani huonyesha thamani yake: kipande kikitafunwa taratibu, mtu akikaa sehemu ya nyuma na chini akitazama mbali, tumbo hutulia.

Nyumba ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Askari aliyepata kota kambini amepona nusu ya mzigo. Asiyepata hupanga uraiani, na wenye nyumba wa mjini kwa kawaida hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Kwa hiyo stahili za uhamisho zisitumike kununua televisheni njiani. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ni wa kutembelewa; kodi zake zimeshapandishwa na biashara za watalii. Familia nyingi za kipato cha kawaida huishi Ng'ambo na mitaa inayoendelea kutoka hapo: Magomeni, Amani, Mwanakwerekwe, Fuoni, Tomondo. Kabla ya kulipa, nyumba ikaguliwe mchana wa jua kali, bomba lifunguliwe na maji yaonjwe, maana visima vingine vya karibu na pwani vina chumvi, na kununua maji ya kunywa kila siku ni kodi ya pili. Ulizwe pia kama mita ya umeme ni ya peke yake. Anayetoka bara amezoea kusema LUKU. Zanzibar umeme wa kulipa kabla huitwa Tukuza, na huuzwa na shirika la visiwa lenyewe, ingawa umeme huo unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Madirisha yatazame upepo. Mtu wa Muyama hupenda nyumba inayofunga baridi, na nyumba ya namna hiyo Unguja, katika joto la kaskazi la Desemba hadi Machi, hugeuka tanuri.

Siku ya kwanza au ya pili baada ya kuingia, wakubwa wa nyumba waende kwa sheha. Huyu ndiye kiongozi wa serikali katika shehia, mwenye daftari la wakaazi, na barua yake huhitajika kwa mambo mengi, kuanzia shule mpaka kesi ya jirani. Bara watu huishi mtaa mmoja miaka mitano bila kumjua mwenyekiti. Visiwani mgeni asiyefika kwa sheha huulizwa, kisha huzungumzwa. Anayefika mwenyewe na kujitambulisha kwa adabu huondoka amejua mengi: duka lipi hukopesha, bomba lipi hutoka alfajiri, nani anatengeneza viatu.

Katika chakula ndiko pesa nyingi hupotea, na ndiko nyingi huweza kuokolewa. Familia inayotaka kula Unguja kama ilivyokula Kasulu itaumia. Unga wa muhogo mzuri wa kusonga ugali haupatikani kila duka, mawese ni adimu, na maharage huuzwa kwa kilo kama dawa. Familia inayokubali kula kama mwenyeji hukuta visiwa vina unafuu wake. Mchele wa mapembe, yaani chenga, ndio msingi wa vyungu vingi. Shelisheli, tunda kubwa la kijani linaloota karibu kila shamba, likiwa msimuni hushibisha watoto watano kwa bei ndogo, likichemshwa, likikaangwa au likiungwa kwa nazi. Muhogo wa kuchemsha upo, majimbi yapo, ndizi za kupika zipo. Nazi huchukua nafasi ya mawese, na hapa kuna kazi ya mikono ya kujifunza. Mama wa Kiha anayekalia mbuzi kwa mara ya kwanza hukuna nazi pamoja na ganda, machicha yakatoka na vipande vyeusi, tui likawa la kijivu. Jirani humcheka kidogo, humsogeza pembeni, humwonyesha kugeuza kifuu polepole huku meno ya mbuzi yakigusa nyama nyeupe tu. Tui la kwanza, zito, huwekwa kando mpaka mwisho wa mapishi. La pili, jepesi, ndilo la kuchemshia. Baada ya wiki mbili maharage ya Kasulu hutoka jikoni yakiwa yameungwa kwa nazi, na bakuli moja huenda kwa yule jirani. Hapo ujirani umeanza.

Maneno ya sokoni nayo yana bei yake, kwa kuwa mwuzaji hutambua mgeni kwa kinywa. Unguja nyanya ni tungule, viazi ulaya ni mbatata, mkate wa dukani ni boflo, kitunguu saumu ni thomu, na shule ni skuli. Hakuna haja ya kuigiza lafudhi, na wenyeji hawapendi kuigizwa. Ila anayeomba fungu la tungule huambiwa bei ile ile anayoambiwa mama aliye mbele yake.

Samaki ni somo kubwa zaidi. Ziwa Tanganyika halijai wala kupwa kwa saa; maji yake asubuhi ni yale ya jioni. Bahari ya Zanzibar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, ikichelewa dakika zipatazo 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, bahari ikisogea kidogo tu. Siku za bamvua miamba ya pwani hubaki wazi, wanawake hushuka na vijiti kutafuta pweza na vijiji vya pwani hupata kitoweo cha kuuza. Dagaa hufuata giza. Hili mtu wa Kigoma analielewa bila kufundishwa, maana wavuvi wa Ziwa Tanganyika nao huwasha taa usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikitoka huenda kulala. Kalenda ya dagaa ya Unguja ni ile ile ya Kibirizi na Ujiji, kando ya ziwa hilo. Anayehesabu siku za mwezi hununua dagaa wengi giza linapokolea, huwakausha, na mwezi mpevu ukifika ana akiba ndani.

Njia ya kupata samaki kwa bei ya chini ni kwenda dikoni, pale vyombo vinapoteremsha. Kule Malindi, karibu na bandari, alfajiri na asubuhi samaki humwagwa sakafuni kwa mafungu, mnadi akapaza sauti, bei ikapanda kwa kukonyezana na kuinua kidole. Mtu mmoja mwenye mahitaji ya kikaango kimoja hawezi kununua fungu la vibua thelathini. Wanawake wanne wa mtaa mmoja wanaweza. Mmoja hutangulia na pesa za wote, hurudi na daladala na ndoo iliyofunikwa jani la mgomba, na samaki hugawanywa uani, wakubwa kwa wadogo kwa zamu ili mtu asinung'unike. Anayebaki nyumbani siku hiyo huwa amewaangalia watoto wa wanne wote. Kibua, changu wadogo na dagaa ndio samaki wa mshahara. Jodari na kamba waachiwe hoteli. Wakati wa kusi ngalawa ndogo hushindwa kutoka na bei hupanda, na hiyo ndiyo miezi ya kula maharage yaliyoletwa kutoka nyumbani.

Kwa watoto, jambo la kwanza kujua ni kwamba elimu ya msingi na sekondari si suala la Muungano. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964 na imeendelea kuwa na wizara yake, mitaala yake na baraza lake la mitihani. Mtihani wa kidato cha nne na wa sita pekee ndio hufanywa kwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Sera ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilifupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na ikaweka hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Bara miaka saba imekuwa kawaida kwa muda mrefu, na mabadiliko ya kuifanya sita yameanza kwa sera ya 2023. Kwa hiyo mtoto aliye darasa la tano, la sita au la saba katika shule ya Muyama ndiye anayeumia zaidi na uhamisho. Akifika anaweza kukuta hesabu zinaelezwa kwa lugha asiyozoea kufundishwa nayo, au mtihani wa kumaliza uko mwaka mmoja mapema kuliko alivyotazamia. Mzazi akiweza kuchagua wakati, ahame mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Asipoweza, amtafutie mtoto mwalimu wa Kiingereza kabla ya kununua chochote kingine. Watoto wa darasa la kwanza na la pili hawana shida. Kwa mwezi mmoja wanarudi nyumbani wakisema skuli na wakidai boflo.

Kiarabu na maarifa ya Uislamu ni masomo ya kawaida skulini, na wasichana wengi huvaa ushungi. Mzazi Mkristo azungumze na mwalimu mkuu mapema na kwa heshima, asisubiri mtoto aje na malalamiko. Makanisa yapo. Waanglikana wa Kasulu, penye makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika, watalikuta kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Wakatoliki wana Minara Miwili kule Shangani. Uani mwa kanisa, baada ya ibada ya Jumapili, ndipo familia za kutoka bara hukutana, zikaambizana nyumba zilizo wazi na nauli zilizopanda.

Visiwa hivi ni vya Waislamu kwa wingi mkubwa sana, na Ramadhani hubadilisha saa za kila kitu. Migahawa hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani huweza kumfikisha mtu polisi. Mama mwenye mtoto mchanga hula ndani, mlango umerudishwa, na hakuna atakayemuuliza. Bei za ndizi, muhogo, viazi vitamu na tambi hupanda siku za kwanza, kwa hiyo ununuzi ufanyike wiki mbili kabla. Jioni sahani huanza kutembea kati ya nyumba na nyumba, ikiwemo kwa jirani asiyefunga. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Chochote kinatosha: kipande cha muhogo, maandazi mawili. Sikukuu ya Idi ikifika, watoto hutembea nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi na kwenda viwanjani na nguo mpya, na mtoto wa Muyama aliyeachwa ndani siku hiyo hatasahau. Kitenge kipya kwa mshonaji wa uani hakizidi uwezo wa askari aliyeweka kidogo kidogo tangu Rajabu.

Starehe za kisiwa ni nafuu kwa anayeziendea kama raia na kuwaachia watalii njia yao. Ufukwe wa Kizingo uko mjini, na vijana hucheza mpira pale jioni bila kulipa. Forodhani watoto hujirusha baharini kutoka ukutani maji yakijaa, na kutazama tu ni burudani. Urojo wa kula ununuliwe mtaani, maana wa bustanini una bei ya wageni. Kwa safari ya Jumamosi, daladala namba 309 huenda Jambiani na 116 huenda Nungwi, chakula kikiwa kwenye kapu. Familia itazame kwanza saa za maji. Pwani ya mashariki bahari hupwa mpaka ikawa mstari wa mbali, na aliyefika saa hiyo akitaka kuogelea atatembea juu ya mwani na mawe. Mtoto aliyejifunza kuogelea Ziwa Tanganyika aambiwe waziwazi kuwa bahari ina mkondo unaovuta maji yanapotoka, na kwamba viatu vya plastiki huvaliwa majini kwa sababu ya viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Januari kuna Kombe la Mapinduzi, Julai kuna Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo wanaume hupigana kwa mabua ya migomba na wageni hukaribishwa kula. Jozani, msitu wenye kima punju ambao hawapatikani kokote duniani nje ya Zanzibar, hutoza raia kiasi kidogo kuliko mgeni; kitambulisho kibebwe.

Mke wa askari aliyezoea kulima huhisi mikono imefungwa. Shamba la kupewa na ukoo halipo, na sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 humpa haki ya kumiliki ardhi Mzanzibari. Anayetoka bara asipoteze akiba kwa mtu anayemuuzia kiwanja kwa maneno ya pembeni. Akiba ya ardhi ibaki Muyama, ambako shamba linaweza kulimwa na ndugu kwa makubaliano yaliyoandikwa. Kisiwani kuna kazi nyingine: cherehani hulisha nyumba kabla ya kila sikukuu, kuku wa uani hawahitaji hati, maandazi na vitumbua vya alfajiri vina wanunuzi kila kichochoro. Kahawa ya vilima vya Manyovu na Matyazo, mkoani Kigoma, ina nafasi nzuri kuliko yote, kwa sababu Unguja wanaume hukaa barazani kila jioni na kahawa chungu ndicho kinywaji chao. Kilo chache zilizotumwa na ndugu, zikakaangwa na kutwangwa nyumbani, huuzwa mtaani kwa faida. Upatu wa wanawake wa mtaa mmoja hutoa mtaji wa kuanzia, ingawa mgeni hukaribishwa tu baada ya kuonekana kwenye misiba na arusi za wenzake.

Likizo ya mwaka ndiyo safari ghali kuliko zote, na inafaa ichangiwe tangu mwezi wa kwanza. Wenye watoto wengi huenda kila baada ya miaka miwili. Mzigo wa kurudi nao huchaguliwa kwa busara. Karafuu na mdalasini ni vyepesi na huleta heshima kwa wazee. Dagaa wa Fungurefu, kaskazini mwa Unguja, huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na wafanyabiashara huwapeleka mpaka Kongo. Bibi wa Muyama, aliyezoea dagaa wa ziwa wanaoanikwa bila kuchemshwa, atawaonja na kutoa hukumu yake. Anayenunua televisheni au friji Unguja ahifadhi risiti na kuuliza kwanza ushuru wake, kwa sababu bidhaa zinazoingia bara kutoka Zanzibar hukaguliwa bandarini Dar es Salaam.

Siku karatasi nyingine ya uhamisho inapofika, mambo hufanywa kwa mpangilio ule ule kinyumenyume. Mwenye nyumba huarifiwa mapema ili kodi iliyobaki izungumzwe, barua ya skuli huchukuliwa pamoja na matokeo ya mtoto, deni la upatu hulipwa au zamu hukabidhiwa, sheha huagwa. Vyombo vilivyoliwa na chumvi huachwa. Mbuzi ya kukunia nazi, kwa kawaida, hupakiwa.